Juu ya FreeDOS na Mwanafunzi wa Bisil

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela, Isinya na Kajiado kabla hajafika Bisil, mji wenye soko la mifugo lijulikanalo sana katika sehemu zile. Mfugaji auzaye fahali wake hapo aweza kupokea fedha zake kwa simu, akaitia simu mfukoni, akaenda zake. Hana haja ya kujua jinsi mashine ile ilivyofanya hesabu yake. Lakini kijana wa Bisil asomaye somo la Kompyuta katika sekondari ana haja hiyo. Kitabu chake humwambia kwamba ziko njia tatu za mtu kusema na mashine: kuandika amri, kuchagua katika orodha, na kuonyesha picha kwa kipanya au kidole. Njia ya tatu aijua tangu utoto. Njia ya kwanza huikariri kwa ajili ya mtihani, pamoja na mfano wake uitwao MS-DOS, mithili ya mtu akaririye sura ya mnyama ambaye hajapata kumwona.

Mnyama huyo yu hai, msomaji, na waweza kumwona ukitaka. Ila kabla ya kukuonyesha mlango, yafaa tumpime, maana wako wamsifuo kupita kadiri.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani tarehe 12 Agosti 1981, iliiuza pamoja na mfumo endeshi kutoka Microsoft. Mfumo endeshi ni programu iamkayo kwanza mashine iwashwapo, ikatunza faili, ikapokea herufi za kibodi, na kuzifungulia njia programu nyingine. Microsoft haikuutunga mfumo huo tangu mwanzo. Iliununua kwa Seattle Computer Products, na aliyeuandika alikuwa Tim Paterson. DOS ilitawala juu ya meza za ofisi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1994, Microsoft ilipoonekana kutaka kuiacha, Jim Hall, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–River Falls huko Marekani, alitangaza tarehe 29 Juni kwamba itaandikwa DOS nyingine, ya bure, ambayo kila mtu ataruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa. Wengine walijiunga naye, na Pat Villani akatoa kiini alichokuwa amekwisha kukiandika. Hiyo ndiyo FreeDOS. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006, baada ya miaka 12 ya kazi ya hiari. Toleo la 1.4 lilitoka Aprili 2025. Kiini chake pamoja na mkalimani wa amri huingia katika diski laini moja ya megabaiti 1.44. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo aghalabu hushinda kipimo hicho.

Wanaoisifu kupita kadiri ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wenye kukumbuka. Katika miaka ya 1990, vyuo vingi vya binafsi vya Nairobi na miji mingine ya Kenya vilifundisha kile kilichoitwa pakeji: DOS, kisha WordPerfect, kisha Lotus 1-2-3, kisha dBase. Mtu aliyepata kazi yake ya kwanza kwa cheti cha namna hiyo huiona alama ya C:\> juu ya kioo cheusi kama mtu aonavyo boma alilozaliwa. Simlaumu. Lakini mapenzi yake si hoja kwa mwingine. Kijana aliyezaliwa Bisil mwaka 2010 hana cha kukumbuka. Kwake kizee hiki ni mgeni, na mgeni hupimwa kwa mwenendo wake.

Wa pili ni wenye huruma, nao ndio nawaogopa zaidi. Microsoft iliiweka tarehe 14 Oktoba 2025 kuwa mwisho wa kuitunza Windows 10 kwa kawaida, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikiiendesha hazikubaliwi na Windows 11. Kwa shule itegemeayo kompyuta zilizokwisha tumiwa mahali pengine, habari hiyo ni nzito. Hapo hutokea mtu mwema akasema: tieni mfumo wa zamani, ni mwepesi, utazifaa mashine nzee. Nalipinga shauri hilo. FreeDOS haina la kufanya na Wi-Fi ya kompyuta ya leo. Hushika kazi moja tu kwa wakati mmoja. Haina neno la siri kwa kila mtumiaji, wala haizuii mkono wa mmoja kugusa faili za mwingine. Mwalimu akiandika humo alama za darasa, mwanafunzi aketiye kitini baada yake aweza kuzisahihisha apendavyo. Mashine hizo zapaswa kupewa Linux nyepesi, ambao ni mfumo wa leo wenye kulindwa. Shule isipewe kazi ya mwaka 1981 kwa sababu tu iko Bisil na wala si Nairobi.

Basi ikiwa si kumbukumbu wala si chombo cha kazi, ya nini? Mimi naiona kuwa kitabu cha kwanza cha kusomea, na thamani yake yote imo katika udogo wake. Mifumo ya leo, iwe Windows au ile iliyomo katika simu ya mfugaji wetu, ina mamilioni ya mistari ya programu; hakuna mtu mmoja aijuaye yote. Amri za FreeDOS mwanafunzi mwenye bidii aweza kuzimaliza katika likizo moja, na mistari iliyoziandika imeachwa wazi aisome.

Tena ni babu wa mambo uyaonayo kila siku bila kuyajua asili yake. Umepata kujiuliza kwa nini diski ya Windows huitwa C, isiitwe A? Herufi A na B ziliwekewa diski laini, ambazo mwaka 1981 ndizo zilizokuwa mlango wa mashine. Diski laini zimekwisha, na herufi zao zimebaki wazi kama viti vya wazee waliokufa. Au jaribu katika Windows 10 kuunda folda uiite CON. Utakataliwa, wala hutaambiwa sababu iridhishayo moyo. Sasa nenda katika FreeDOS uandike COPY CON BARUA.TXT, bonyeza Enter, andika mistari miwili mitatu, kisha shika Ctrl pamoja na Z, na Enter tena. Umeandika barua pasipo programu yoyote ya kuandikia. CON ni jina la kibodi na kioo kwa pamoja. Uliiambia mashine inakili kutoka kwenye vidole vyako hadi kwenye faili. Katazo lililokuwa kero katika Windows lina maana hapa, nawe umeiona kwa mkono wako mwenyewe. Andika tena MEM, utazame hesabu ya kumbukumbu. Prosesa ya kompyuta ile ya kwanza, 8088, iliweza kufikia megabaiti 1 tu. Kilobaiti 384 zikatengwa kwa kioo na mahitaji mengine ya mashine, programu zikaachiwa 640. Kompyuta yako ina gigabaiti 4 au 8, walakini FreeDOS yaanza kwa kukuhesabia zile 640.

Njia ya kuanza ni hii, nami nakusihi usiigeuze. Usianze kwa kuiweka katika diski ya kompyuta ya shule. Anza kwa QEMU au VirtualBox, ambazo ni programu za bure ziigizazo mashine nzima ndani ya mashine yako. Ipe mashine hiyo ya kuigiza megabaiti 32 za kumbukumbu, ambazo zatosha na kusaza, na diski ya kuigiza ya megabaiti mia chache. Kisha ielekeze kwenye faili ya LiveCD itolewayo na wenye FreeDOS. Ukiharibu, unafuta diski hiyo ya kuigiza, ambayo ni faili moja tu, na kuanza upya. Kuharibu ni sehemu ya somo, na hapa hakuna atakayelia.

Baadaye utatamani kuiona juu ya mashine yenyewe. FreeDOS hutolewa pia kwa umbo la kuandikwa katika flashi, na hapo ndipo wengi hukwama. Yahitaji BIOS ya zamani, na kompyuta za leo huamka kwa UEFI. Mashine nyingi za katikati zina uwezo wa kuigiza BIOS, ambao katika mipangilio yake huitwa Legacy au CSM. Uwashe huo, uzime Secure Boot, kisha uchague flashi. Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ifikapo 2020 ingeuondoa uwezo huo. Kwa hiyo kompyuta ya mtumba ya mwaka 2012 yaweza kuipokea FreeDOS mara moja, na ile mpya ya dukani ikaikataa kabisa. Ni mara chache mtumba hupata heshima kama hiyo. Ukiisha kuingia kwa flashi, jihadhari na FDISK na FORMAT. FreeDOS haiwezi kusoma faili za diski ya Windows ya leo, lakini FDISK huiona diski hiyo na yaweza kuigawa upya. Swali litaulizwa mara moja, kwa maneno machache, na jibu halirudishwi.

Mimi nilipoijaribu katika kompyuta ndogo iliyotumika, niliamsha kiini na mkalimani wa amri peke yake, nikaiacha ikingoja nikaenda kunywa chai. Niliporudi, feni ilikuwa ikivuma na mashine ina moto. Haikuwa ikifanya kazi yoyote. DOS haikufundishwa kupumzika: ingojapo herufi moja kutoka kwenye kibodi, huiuliza prosesa bila kikomo, kwa nguvu zote, kana kwamba mgeni yu mlangoni. Dawa yake imo ndani, nayo ni amri FDAPM APMDOS, ambayo huilaza prosesa wakati wa kungoja. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa kijana asomaye usiku kwa betri iliyojazwa na jua, nje kidogo ya Bisil, ni tofauti ya saa nzima au zaidi.

Iko na kasoro nyingine, ya kuchekesha. Programu nyingi za kale zilizotungwa kwa Turbo Pascal hupima mbio za mashine zinapoanza. Prosesa zilipozidi kiasi cha megahertz 200, hesabu hiyo ilifurika, na programu hufa papo hapo kwa kosa namba 200. Haifi kwa udhaifu wa mashine bali kwa mbio zake. DOSBox, ambayo yaweza kuigiza mashine ya polepole, huiponya.

Yamebaki ya lugha, na hapa nina shauku zaidi kuliko lawama. Herufi za Kiswahili hazikupata taabu yoyote katika DOS. Kifaransa na Kijerumani vina herufi zenye alama, zilizo nje ya zile za Kiingereza. Kiswahili sanifu hakina alama hizo, na hata ng' ya ng'ombe imo tayari katika kibodi. Taabu iko katika majina ya faili, ambayo hayapiti herufi 8 kabla ya nukta na 3 baada yake. MIFUGO laingia kwa nafasi. MSHAHARA laingia kwa kujibana. MAHUDHURIO hukatwa likawa MAHUDHUR, na KISWAHILI lenyewe hukosa kiti kwa herufi moja.

Maneno ambayo mashine hukuambia ni ya Kiingereza, lakini hayakufungiwa humo. Programu nyingi ndogo za FreeDOS huweka maneno yake katika faili ya pembeni, kila lugha na yake: CHOICE, kwa mfano, programu ambayo kazi yake ni kumtaka mtu achague, husoma CHOICE.EN. Nakili faili hiyo uiite CHOICE.SW, tafsiri mistari yake, andika SET LANG=SW, na mashine itasema nawe kwa lugha yako. Si ndoto: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kazi ya namna hiyo hiyo, ila kubwa mara nyingi. Hii ya FreeDOS wanafunzi wachache waweza kuifanya.

Lakini mtafsiri atafika penye mtego. Mkalimani wa amri akitaka kufuta faili zako zote, huuliza kwanza, nawe hujibu kwa herufi moja: Y ni kukubali, N ni kukataa. Tafsiri kwa haraka, Ndiyo na Hapana, na N iliyokuwa ngao inageuka kuwa panga. Mwalimu aliyezoea Kiingereza atabonyeza N ili aziokoe faili zake, nazo zitatoweka. Naam haisaidii, kwa kuwa nayo yaanza na N. Kubali na Kataa zote zina K. Mimi ningetumia Sawa na La, S na L, ingawa najua Sawa si jibu la heshima kwa swali zito kama hilo. Wewe ukipata jozi iliyo bora, iandike katika faili yako; kisha mwite mtu asiyejua ulichofanya, mpe faili za bandia azifute mbele yako, utazame kidole chake kitakwenda wapi.