Anayesoma Kwenye Msiba

Mtanzania au Mkenya akifiwa London, simu hulia kwanza, kisha huja mchango. Kusafirisha maiti hadi Dar es Salaam au Nairobi ni gharama inayozishinda familia nyingi, hivyo watu hukusanyika jioni baada ya jioni nyumbani kwa mfiwa, Barking, Tottenham au Croydon. Viatu hujaa mlangoni, chai ya maziwa na maandazi huzungushwa, na mweka hazina hukaa pembeni na daftari lake. Wengi wametoka kazini moja kwa moja, kuhudumia wazee au kubeba maboksi, na wengine wanaingia zamu saa nne usiku. Katikati ya hayo yote mchungaji humgeukia mtu mmoja na kusema, "Mama, hebu tusomee Neno."

Huyo mama ndiye ninayetaka kumsifu, pamoja na wazee na vijana wachache wenye kipawa kama chake. Kusoma Maandiko mbele ya waliovunjika moyo ni ufundi kamili, una kanuni zake na siri zake, na waujuao ni wachache kuliko tunavyodhani. Mahubiri tunayajadili njia nzima tukirudi nyumbani. Msomaji tunamshukuru kwa neno moja, halafu tunasahau kwamba ni yeye aliyetufikishia kile ambacho mhubiri alikuja kukieleza.

Ufundi huanza kabla hajafungua kinywa, katika kuchagua. Msomaji mchanga hukimbilia mistari ya ushindi. Atafungua Warumi sura ya nane, pale Paulo anapotangaza kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Mungu, na ataisoma kwa sauti ya juu kana kwamba anafukuza kilio chumbani. Mistari hiyo ni kweli tupu, nami naiamini kwa moyo wangu wote. Lakini mbele yake ameketi kijana aliyefiwa na mama yake huko kwao, na makaratasi yake hayajakamilika, hawezi kusafiri kwenda kumzika. Mgonjwa hulishwa uji kwa kijiko. Anayejua kazi huanza na Zaburi ya 88, ile ya Hemani Mwezrahi, ambayo hulalamika tangu mwanzo hadi mwisho na kuishia gizani pasipo kugeuka kuwa wimbo wa shukrani. Husoma yote, bila kuikatisha kwa huruma. Kijana anasikia kwamba waliokusanya Zaburi waliiona sala kama yake, wakaiacha ndani ya kitabu kile kile kilichoimbwa hekaluni. Hapo ndipo tumaini linaanza, maana amejua kwamba Mungu anaruhusu kuambiwa hivyo.

Kisha iko kazi ya pumzi. Biblia inayotumika zaidi katika nyumba hizi ni Union Version ya mwaka 1952, na sentensi za Paulo humo ni ndefu mno. Asiyejiandaa hukata pumzi katikati ya wazo, wasikilizaji wakapoteza mfuatano. Msomaji mzuri amekwisha kuisoma sura ile kwenye basi, midomo ikicheza, akajua ni wapi atashusha sauti na wapi atanyamaza. Haigizi. Hamlilii marehemu kwa sauti ya Yeremia. Hutoa kila jina kikamilifu, na akifika mwisho hafungi kitabu kwa haraka.

Nilichojifunza zaidi kwa wasomaji hawa kuliko kwa wahubiri wengi ni jinsi Maandiko yasivyoficha udhaifu wa watu. Chukua Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Siku chache kabla alisimama mlimani mbele ya manabii mia nne na hamsini wa Baali, sasa amekaa chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamkaripii. Anamgusa, anamwonyesha mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Elia anakula, analala tena, anaguswa mara ya pili. Msomaji mwenye haraka huruka hapo ili afike Horebu, penye upepo na tetemeko na moto. Mwenye ujuzi hukawia kwenye mkate na usingizi. Nimeona nyuso za wauguzi waliokesha wodini zikilegea kwa kusikia tu kwamba nabii aliruhusiwa kulala kabla ya kuulizwa lolote.

Au chukua Petro. Katika Injili ya Yohana, usiku ule wa kumkana Bwana, ameota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Sura tatu baadaye, alfajiri kando ya ziwa, Yesu aliyefufuka amewasha moto wa makaa na kuweka samaki juu yake, naye anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Mhubiri atahitaji dakika kumi kutuonyesha uhusiano wa mioto hiyo miwili. Msomaji husoma tu sehemu zote mbili kwa mwendo ule ule, akiyapa makaa uzito ule ule, na chumba chote kinaelewa kwamba Petro amerudishwa mahali pale pale alipoanguka ili ainuliwe hapo. Hakuna aliyefafanua chochote. Nauona huo kuwa ufundi wa hali ya juu sana.

London ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1947, katika hospitali ya St Thomas' kando ya mto Thames, afisa ustawi aitwaye Cicely Saunders alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw aliyekuwa mhudumu wa mgahawa, na sasa alikuwa anakufa kwa saratani mbali na kwao. Siku moja Tasma alimwomba amwambie kitu cha kumfariji. Saunders akamtolea kwa kichwa Zaburi ya 23, akaendelea na nyingine. Alipotaka kuchukua kitabu amsomee zaidi, mgonjwa akakataa. Alitaka tu kile kilichokwisha kukaa akilini na moyoni mwa Saunders. Usiku ule ule Saunders akajifunza kwa moyo Zaburi ya 130, ile ya mtu anayelia kutoka vilindini. Tasma alifariki Februari 1948 akimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga, na mwaka 1967 St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ikafunguliwa Sydenham, kusini mashariki mwa jiji. Mfano wa nyumba hiyo umefika hadi kwetu: Nairobi Hospice ilianza 1990, na Hospice Africa Uganda ikaanza Kampala 1993. Watu husimulia habari hii wakisifu tiba ya maumivu, na wana haki. Mimi huiwaza Zaburi ile ya usiku. Mwanamke mwenye kazi zake za mchana alikaa akarudia mistari mpaka ikamwingia, kwa sababu mgonjwa mmoja hakutaka cha kwenye karatasi.

Kisha kuna Festo Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi nchini Uganda na aliyewahi kufundisha Dodoma kwa miaka mingi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Luwum sasa ana sanamu mbele ya Westminster Abbey, na wageni hupiga picha chini yake. Kivengere alifika London akiwa mkimbizi, na moyoni, kama alivyokiri mwenyewe, chuki dhidi ya Amin ilikuwa inaganda. Ijumaa Kuu ya mwaka ule aliketi katika kanisa la All Souls, Langham Place, akakutana tena na ombi la Yesu msalabani kwa ajili ya wale waliomsulubisha. Akajiuliza, kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale wenye nyundo, je, Bwana angemtoa katika ombi lile? Kitabu alichokitoa mwaka huo huo kilibeba jina lililowashtua wengi, I Love Idi Amin. Maneno yale alikuwa ameyahubiri maisha yake yote, lakini siku ile alihitaji kuyapokea akiwa ameketi miongoni mwa wasikilizaji. Hata mchungaji huja kwenye msiba akiwa na jeraha lake, na msomaji anamsomea yeye pia.

Ndiyo maana nasikitika nikiona nafasi hii ikipewa yeyote aliye karibu na kitabu, au aliye na simu yenye chaji. Kanisa la Kilutheri la Uingereza lina ibada za Kiswahili, na makundi mengine ya maombi yamo katika kumbi za kukodi kila pembe ya jiji; kote humo wapo watoto waliozaliwa hapa wanaoweza kufundishwa. Najua mama mmoja anayewaita vijana Jumamosi na kuwasikiliza wakisoma somo la kesho yake. Lafudhi yao haimsumbui. Anachosahihisha kwanza ni haraka, kisha woga wa kunyamaza mwisho wa aya, na baada ya hapo huwapa Zaburi moja ya kukariri mwezi mzima.

Wapo wanaoshauri masomo ya msibani yawe ya Kiingereza ili watoto hao waelewe. Nakubali yasomwe kwa lugha zote mbili, lakini Kiswahili kitangulie. Simu iliyowekwa mezani katikati ya vikombe imefunguliwa sauti, na anayesikiliza upande wa pili, Singida au Kakamega, ni mama wa marehemu. Msiba ni wake.