Kadi Bila Kura, Kura Bila Kadi: Hesabu ya TANU katika Uchaguzi wa Kura Tatu

Katika habari zote zinazosimuliwa juu ya safari ya Tanganyika kwenda uhuru, hapana inayotajwa kwa fahari kubwa na kufafanuliwa kwa uchache kama ile ya mkutano mkuu wa TANU uliokutana Tabora mwezi wa Januari 1958, ambapo chama kiliridhia kuingia katika uchaguzi ambao masharti yake kilikuwa kikiyalaani tangu yalipotangazwa. Husemwa kwamba Mwalimu Julius Nyerere alisimama, akanena, na nyoyo za wajumbe zikalainika. Uamuzi ukaitwa wa busara, na masimulizi yakakomea hapo. Sikatai kwamba ulimi wa Mwalimu ulikuwa na nguvu zake. Walakini ufasaha haujazi masanduku ya kura, na mtu atakaye kujua jinsi chama cha watu wanyonge, ambacho wanachama wake wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura, kilivyolishinda shindano lililotungwa ili kukidhibiti, hana budi kuziweka hotuba kando kwa kitambo na kuitazama hesabu.

Sheria ya uchaguzi ule ilikuwa hivi. Nchi iligawanywa majimbo 10, na kila jimbo likapewa viti 3 katika Baraza la Kutunga Sheria: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, na kimoja cha Mzungu. Usawa huo wa viti uliwekwa katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000. Mpiga kura hakuachiwa hiari ya kumchagua mtu wa jamii yake akaenda zake. Alilazimishwa kutia alama tatu, moja kwa kila jamii, na karatasi iliyopungukiwa na alama moja ilihesabiwa kuwa imeharibika yote. Haki yenyewe ya kupiga kura ilizungushiwa ua wa masharti, ama ya elimu, ama ya kipato, ama ya cheo, na aliyeyatimiza alipaswa kwenda mwenyewe kujiandikisha. Matokeo yake ni kwamba walioandikishwa katika majimbo yote kumi hawakufika watu 60,000. Gavana Edward Twining, ambaye mwaka 1956 alikuwa amekipa moyo na himaya chama cha UTP kilichohubiri ushirikiano wa jamii tatu, yamkini aliamini kwamba kwa utaratibu huu hapana Mwafrika atakayeingia Barazani pasipo ridhaa ya Wazungu na Waasia.

Wale walioupinga mpango huo kule Tabora hawakuwa wajinga, wala si haki kuwasimulia kana kwamba walikuwa watu wa pupa. Zuberi Mtemvu na wenzake waliona jambo lililo wazi: kwa idadi ya watu, kuyakubali masharti yale kulikuwa ni kukiri kwamba Mzungu mmoja ana uzito wa Waafrika 400. Chama kilichokwisha kuwaambia watu kwamba utu hauna rangi kingewezaje kuwapeleka watu hao hao wakatie alama katika karatasi iliyopigwa chapa kwa misingi ya rangi? Hoja hiyo ni ya heshima, na katika mizani ya haki peke yake ingekuwa vigumu kuishinda. Ilishindwa katika mizani nyingine.

Mizani hiyo ni hii. Mtu anaweza kuisoma sheria ya kura tatu akaona humo kamba ya kumfunga Mwafrika. Akiisoma mara ya pili, huku ameshika kalamu na orodha ya wapiga kura, ataona kwamba kamba ina ncha mbili. Ikiwa kila mpiga kura amelazimishwa kuwachagua watu watatu, basi wale walio wengi katika orodha ya jimbo ndio wanaoamua viti vyote vitatu, wala si kile cha jamii yao pekee. Na katika majimbo mengi, pamoja na masharti yote yale ya elimu na kipato, Waafrika ndio waliokuwa wengi miongoni mwa walioandikishwa. Ya maana basi ilikuwa ni wapiga kura hao kwenda na shauri moja, wakijua majina matatu na si jina moja. Wakifanya hivyo, ni wao watakaomteua Mwasia na Mzungu wa kuingia Barazani. Kinyume chake nacho ni lazima kitazamwe, maana ndicho kilichowatia hofu wenye kufikiri. TANU ikisusa, uchaguzi hautasimama. Utafanyika kwa wale watakaokwenda, na hao watakuwa Wazungu, Waasia, na Waafrika wachache wa UTP, nao ndio watakaomchagua hata yule Mwafrika wa kusema kwa niaba ya mamilioni. Kususia sheria ile kulikuwa ni kuikamilisha shabaha yake. Mwalimu aliwaeleza wajumbe kwamba mtu akitaka kufika shambani kwake hana budi wakati mwingine kukanyaga matope, na mfano huo umebaki katika vinywa vya watu hata leo. Lakini nyuma ya matope yale kulikuwa na hesabu ya kujumlisha na kutoa, na nadhani hiyo ndiyo iliyowashawishi wale waliokwisha kuzisikia hotuba nyingi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilileta haja ambayo chama hakikuwa kimejiandaa nayo. TANU wakati ule ilikuwa ya Waafrika tupu; Mhindi au Mzungu hakuweza kupewa kadi hata kama alikuwa rafiki wa kweli. Ilipasa kuwatafuta watu wa jamii hizo ambao wangeungwa mkono bila ya kuwa wanachama, kisha kumwambia karani wa Kiafrika wa Iringa au Arusha kwamba alama yake ya tatu, ile aliyoiona kuwa ya kulazimishwa, ndiyo silaha yake. Miongoni mwa Waasia kulikuwa na Asian Association, ambayo watu wake, kama Amir Jamal na wakili Mahmud Rattansey wa Tabora, walikuwa wamekwisha kuukataa mgawanyo wa siasa kwa rangi. Arusha akapatikana Bibi Sophia Mustafa, na Nyanda za Juu za Kusini akapatikana Lady Chesham, mkulima mzaliwa wa Marekani. Majina haya yalitoka katika urafiki na mazungumzo ya miaka kadhaa. Yasingaliweza kupatikana kwa tangazo.

Nimeliacha jambo kubwa kuliko yote hadi hapa, nalo ni lile la kadi na kura. Kwa waraka wa serikali wa mwaka 1953, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Na Mwalimu mwenyewe, ijapokuwa alifundisha katika shule ya misheni, ilimlazimu mwezi wa Machi 1955 kuiacha kazi yake Pugu ili abaki na chama. Sasa na tuyatazame masharti ya kupiga kura: elimu, mshahara, cheo. Ni nani kati ya Waafrika aliyeyatimiza? Aghalabu ni karani, mwalimu, mganga msaidizi, yaani wale wale ambao waraka uliwakataza kuwa wanachama. Na ni nani aliyekuwa na kadi? Ni mkulima, mchuuzi, kuli wa bandarini, mama wa nyumbani, na hao wengi wao hawakuwa na sifa ya kuandikishwa. Chama kilikuwa na wanachama wasio na kura, na nchi ilikuwa na wapiga kura wasio na kadi. Ushindi wa Septemba 1958 ulitegemea daraja baina ya makundi hayo mawili, na daraja hilo halikujengwa Tabora.

Lilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1955. John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alipozuru mji mwezi wa Juni mwaka huo, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wa chama wako wapi, na jawabu halikupatikana kwa urahisi. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Yapasa kukitazama kikundi cha ngoma kwa jicho la mpangaji wa chama: kina kiongozi anayetiiwa, kina wanachama wanaojuana kwa majina na nyumba, kina michango ya fedha inayokusanywa na kutunzwa, kina sare, na kina desturi ya kuitana na kuhudhuria kwa wakati. Na mji ulikuwa na vikundi vingi vya namna hiyo. Bibi Titi hakuanza kwa kubisha hodi nyumba moja moja. Aliwaendea viongozi wa vikundi, nao wakawaleta watu wao. Mwezi wa Oktoba 1955 Oscar Kambona, katibu wa chama, aliandika London kwamba katika muda wa miezi mitatu wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kuingia. Chama ambacho wasomi wake walikuwa wakiogopa kufukuzwa kazi kilipata jeshi la watu wasio na kazi ya kufukuzwa. Karani wa bomani hakuruhusiwa kuwa na kadi, lakini hapana waraka uliomkataza mkewe, au mama yake, au shangazi yake. Na mtu anayekatazwa siasa ofisini hawezi kukatazwa kuisikia nyumbani kwake. Siku ya kupiga kura, karani huyo aliingia peke yake na karatasi yake, pasipo mkuu wa idara wala waraka. Kwa maoni yangu mambo hayakukamilika kwa namna nyingine ghairi ya hii, ingawa vitabu vya siasa huyapa majumba nafasi ndogo na mikutano ya hadhara nafasi kubwa.

Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili. Kabla ya awamu ya kwanza Mwalimu alishtakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, akahukumiwa mwezi wa Agosti faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Laiti angalichagua kifungo, angalipata sifa ya shahidi, na chama kingaliingia Septemba bila ya mgombea wake mkuu. Alisimama Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi wa UTP, mwenyeji wa Uluguru, akapata kura kiasi cha mara tatu ya zake. UTP haikupata hata kiti kimoja. Awamu ya pili, Februari 1959, ilikuta wapinzani wamekwisha kuvunjika moyo, na wagombea wengi walioungwa mkono na TANU walipita bila kupingwa. Kuzitenganisha awamu mbili kulikusudiwa kuwa tahadhari ya serikali, kumbe kuliipa TANU miezi mitano ya kuuonyesha ushindi wake. Baina ya awamu hizo, Oktoba 1958, Gavana mpya Sir Richard Turnbull alilitangazia Baraza kwamba serikali ijayo ya nchi itakuwa na Waafrika wengi.

Kura tatu hazikurudi tena. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili alistahili kuandikishwa, na orodha ikapanda kupita watu laki 8. Hapo wengi wa wenye kadi za mwaka 1955 walipata haki waliyokuwa wameipigania kwa ajili ya wengine. Lakini katika viti 71, viti 58 havikuwa na mpinzani, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na karatasi ya kutiwa alama. Iliwabidi wangoje mpaka Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais, ambapo kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura na kila kura ilikuwa ya jina moja tu. Aliyesimama kushindana na Mwalimu alikuwa Zuberi Mtemvu, ambaye alikuwa ameihama TANU kwa sababu ya uamuzi wa Tabora na kuunda African National Congress: yeye alipata kura 21,276, na Mwalimu 1,127,978.