Bundi wa Uani na Nyoka Kipofu: Uchambuzi wa Mbinu ya Utafiti

Utafiti wa bundi wadogo waitwao kisayansi Megascops asio, ambao mwanaikolojia Frederick Gehlbach wa Chuo Kikuu cha Baylor aliufanya katika mji wa Waco, jimbo la Texas nchini Marekani, unastahili kuchambuliwa kwa sababu uzito wake hautokani na ala za gharama kubwa, bali na uteuzi wa mahali panapofikika kila siku na uvumilivu wa miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1994 kinawalinganisha bundi wa vitongojini na wale wa mashambani, na msingi wa ulinganisho huo ni kifaa kimoja tu, yaani sanduku la mbao lililofungwa mtini.

Ndege huyu, ambaye uzito wake kwa kawaida hauzidi gramu 250, hajijengei kiota, bali hutaga katika mashimo ya miti, yakiwemo yaliyochongwa na vigong'ota. Kwa hiyo hulikubali sanduku lililo uani, mradi liwe na tundu la upana wa sentimita 7 hivi, linalomruhusu yeye na kuwazuia wanyama walio wakubwa zaidi, na liwe limetandikwa maranda ya mbao. Faida ya sanduku kwa mtafiti ni mbili: hufunguliwa kwa urahisi, jambo lisilowezekana katika shimo la mti, na yakitengenezwa mengi kwa kipimo kimoja, tofauti baina ya makinda haiwezi kuhusishwa na ukubwa wa shimo. Hata hivyo, jike huatamia mayai kwa siku 30 hivi huku akiletewa chakula na dume, na akisumbuliwa mapema anaweza kuyatelekeza. Ndiyo maana ukaguzi wa ndani hauna budi kuwa wa haraka na wa nadra, na mengi yajulikane kwa kusikiliza milio na kutazama kwa mbali wakati wa machweo.

Thamani ya kukagua vilivyomo sandukuni ilidhihirika mwaka 1987, Gehlbach na mwenzake Robert Baldridge walipoeleza kwamba bundi hao huleta kiotoni nyoka vipofu wakiwa hai, ingawa mawindo mengine kwa kawaida hufika yakiwa yameuawa. Nyoka hao, ambao ni wembamba na huishi ardhini wakila mchwa, sisimizi na mabuu yao, huliwa baadhi yao na makinda, lakini wengine hujichimbia katika takataka za kiota, ambamo mabaki ya mawindo na vinyesi huvutia wadudu. Makinda walioishi na nyoka walikua haraka zaidi na walikufa kwa kiwango kidogo kuliko makinda wa msimu uleule wasiokuwa na nyoka, na watafiti walipendekeza kwamba nyoka huwala mabuu ambayo vinginevyo yangekula akiba ya chakula au kuwanyonya makinda.

Sharti la msimu uleule ndilo uti wa mgongo wa hoja hiyo, kwa sababu huondoa athari ya ukame au wingi wa wadudu wa mwaka fulani. Hata hivyo, haliondoi uwezekano wa pili, kwamba wazazi walio hodari kuwinda ndio wanaokamata nyoka wengi, na kwamba uhodari huohuo ndio unaowanenepesha makinda wao. Ili kuitenga sababu moja na nyingine, ingebidi nyoka waongezwe au waondolewe katika viota vilivyochaguliwa bila upendeleo, kisha makinda wapimwe tena.

Upungufu huo haushushi hadhi ya kazi hiyo. Swali lenyewe la nyoka lisingeweza kuulizwa na mtu aliyetazama bundi kwa darubini pekee, wala na aliyefungua kiota kimoja kwa msimu mmoja. Lilizaliwa na mazoea ya kuchunguza hata takataka, kuziandika, na kurudi mwaka uliofuata. Kwa hiyo ua wa nyumba, ambao wanasayansi wengi huupita wakielekea msituni, una haki kamili ya kuhesabiwa miongoni mwa maabara.