Fundi Viti Naye Apewe Haki Yake

Pikapu kuukuu kama Peugeot 504, iliyobeba mboga na abiria Kenya miaka ya 1980, husifiwa kwa injini na chesisi yake. Fundi viti hatajwi. Ilhali ndiye anayefumua benchi mshono kwa mshono, akavitumia vipande vya kava la zamani kama kielelezo cha kukatia jipya, akang'oa sponji iliyosagika na kukaza springi kabla hajagusa cherehani. Akiinua zulia hukutana na kutu ya sakafu ambayo mwenye gari hakuijua, na fundi mwaminifu hapo husimama, akaita fundi bati kwanza.

Watasema pikapu ni ya kazi, urembo wa nini? Lakini dereva hushinda humo kutwa, na sponji iliyokufa humfikishia kila shimo mgongoni. Hoja ya wapenda uasilia ina uzito zaidi: ngozi ya bei ghali ndani ya gari la shamba ni koti la kuazima. Ndiyo maana fundi hodari huchagua kitambaa kigumu kinachofutika matope, na dashibodi iliyopasuka huivika upya bila kuiongezea (ashukuriwe!) taa za disko.