Uhalifu wa Wakati wa Vita katika Chozi la Heri: Nani Angeuzuia?

Msomaji, mwulize mtahiniwa kuhusu uhalifu wa wakati wa vita katika Chozi la Heri (2014), riwaya ya Assumpta Matei, naye atakuorodheshea: kuteketezwa kwa aila ya Ridhaa, uporaji wa maduka, kubakwa kwa Lime na Mwanaheri, kujeruhiwa kwa Subira. Alama atapata. Lakini kuorodhesha si kuhakiki. Mwulize tena: uhalifu huu ungezuiwa wapi?

Turudi kwenye vikaratasi. Kabla ya moto, vikaratasi vya vitisho vinasambazwa. Wanaotishwa wanaviona, majirani wanaviona, na hakuna anayechukua hatua. Mwandishi hakuokota jambo hili hewani. Tume ya Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Waliouawa katika ghasia zile walikuwa 1,133, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Kwa hivyo mtahiniwa anayedai kwamba dola haikuwa na nguvu amepotoka. Bunduki zilikuwepo.

Sasa mtazame Mwangeka. Yuko Mashariki ya Kati akidumisha amani ya watu wengine huku mkewe Lily na bintiye Becky wakiteketea nyumbani. Wengi wetu hukifundisha kinaya hiki kama mbinu tu, tukapita. Mimi nakiona kuwa hoja yenyewe: ujuzi wa kulinda raia upo, ila umepelekwa kwingine.

Hata hivyo, riwaya ina pengo. Sauna na Bi Kangara, walanguzi wa watoto, wanatiwa mbaroni. Mzee Kedi, jirani aliyemchomea Ridhaa, je? Hatuonyeshwi kesi yake. Mkono wa sheria unamfikia yaya, haumfikii jirani. Waathiriwa wanatibiwa, wanaolewa, wanapata wazazi wapya, wabakaji wanatokomea. Huenda mwandishi alikuwa mkweli kuliko tunavyodhani, kwani kati ya Wakenya 6 waliotajwa The Hague hakuna aliyepatikana na hatia, na kesi ya mwisho kati ya hizo ilisitishwa mwaka 2016. Lakini ukweli huo ulihitaji kusemwa na mhusika, hata kwa sentensi moja ya hasira.

Mwalimu, kumbuka kwamba mjukuu wa Ridhaa na mjukuu wa Kedi huenda wanaketi dawati moja darasani mwako. Usianze na ubakaji. Anza na vikaratasi.