Kosa la Kufikiri: Suala la Mrithi katika Kufikirika

Aghalabu Kufikirika ya Shaaban Robert husomwa kama riwaya ya maadili. Msomaji huhesabu wema na ubaya wa wahusika kabla hajauliza swali linaloisukuma hadithi yenyewe: baada ya mfalme huyu, atatawala nani? Riwaya iliandikwa katika miaka ya 1940, ikachapishwa mwaka 1967, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Usomaji wa kimaadili una haki yake, lakini unalifunika swali hilo.

Mfalme wa Kufikirika ana kila kitu ila mtoto. Makundi ya waganga na watabiri yaitwa, moja baada ya jingine, na sababu ya mwito huo haifichwi. Upungufu wa mtawala si siri ya ikulu bali ni shughuli ya umma. Hili si jambo dogo kwa msomaji wa Kenya. Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa nchini humo walianzisha kampeni ya kubadilisha katiba ili makamu wa rais asikalie kiti kwa siku 90 endapo rais angefariki. Mnamo Oktoba mwaka huo Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwaonya kuwa kuwazia kifo cha rais ni kosa la uhaini, na adhabu ya uhaini ni kifo. Kanuni ya adhabu, iliyofuata sheria kongwe ya Kiingereza, ilitaja kuwaza sambamba na kukusudia.

Kuna kinaya hapa. Katazo la kufikiri ndilo lililoilinda katiba, kwani Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, makamu wake, Daniel arap Moi, alishika madaraka kama sheria ilivyoagiza. Hata hivyo, liliacha desturi ya kuuona urithi wa uongozi kuwa jambo lisilosemeka. Shaaban Robert hakuyajua haya, na ingekuwa ukosefu wa insafu kumfanya mtabiri wa siasa za Kenya. Jina la nchi yake, lakini, limejengwa juu ya kitenzi kile kile kilichogeuzwa kosa.

Sehemu nzito zaidi ya riwaya ni sharti la kafara. Mtoto atazaliwa, atafika umri wa miaka kumi, ataugua; ili apone, lazima wafe watu wawili, mwerevu na mjinga. Wahakiki hupenda kuiona hapa sitiari ya elimu na ujinga. Sitiari hiyo ipo, lakini inapita haraka mno juu ya damu. Wanaotakiwa kufa ni watu wasio na tamaa wala nafasi ya kukirithi kiti. Gharama ya mrithi inatozwa kwa wale ambao urithi hauwahusu. Tena wote wawili, mwenye akili na asiye nayo, wana thamani moja mbele ya kiti, yaani thamani ya kuchinjwa. Riwaya chache za Kiswahili za kipindi hicho zimeusawiri uhusiano wa dola na raia kwa ukali kama huu.

Utubusara Ujingahasara, mwalimu wa mwana wa mfalme, ameumbwa kwa ustadi mdogo zaidi. Mara nyingi ni hoja iliyovishwa kanzu. Walakini kufukuzwa kwake kwa sababu ya ratiba ya masomo kunafichua jambo: jumba la kifalme linamtaka mrithi, halitaki alelewe kwa namna ambayo halikuiamuru.

Udhaifu wa riwaya unaanzia hapo. Kafara inashindwa kwa nguvu ya hoja, na ushindi huo unatosheleza. Ila hakuna mhusika anayehoji kwa nini kiti kimngojee mtoto mmoja. Busara inamwokoa mrithi bila kuugusa urithi. Huko Kenya swali hilo lilijibiwa na wapiga kura Desemba 2002, walipomkataa Uhuru Kenyatta, mteule wa Moi aliyekuwa anastaafu, wakamchagua Mwai Kibaki. Katika fasihi, jibu la wazi zaidi limo katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ambamo Tunu, kijana wa kike asiye na nasaba ya kutawala, anasimama dhidi ya Majoka wa Sagamoyo bila kungoja utabiri wa mtu.