Kusoma Mstari wa Mtoto

Kabla mama wa kwanza hajamvua mwanawe nguo, nesi ameshaukagua mzani wenyewe. Zahanati hii iko Temeke, ndani kidogo kutoka barabara ya Kilwa, na siku ya kliniki mabenchi ya barazani hujaa mapema. Mzani ni ule wa saa, umening'inizwa kwenye boriti kwa kimo ambacho uso wake unalingana na macho ya nesi akisimama wima. Anatundika kwanza ile kaptula ya kitambaa kigumu watakayovalishwa watoto, anazungusha skrubu ndogo mpaka mshale ukae kwenye sifuri, kisha anaweka jiwe la kilo 5. Mshale ukisoma 5 kamili, anaita mtoto wa kwanza. Usiposoma, anarudi kwenye skrubu, hata foleni ikiwa imefika getini.

Mtoto anavuliwa kila kitu. Pampasi iliyolowa inatoka, kikuku kinatoka, kofia ya sufu inatoka. Mama mmoja anasita kuvua shanga za kiunoni. Nesi anazishika, anazipima kwa kiganja, anaona ni uzi mmoja mwembamba, anamwambia aziache. Kila kistari cha mzani huu ni gramu 100. Mtoto wa miezi minne au mitano hutazamiwa kuongeza takriban nusu kilo kwa mwezi, yaani vistari vitano tu, na pampasi yenye mkojo inaweza kumeza viwili au zaidi kati ya hivyo.

Akishatundikwa, mtoto hulia, hujinyonga, hurusha miguu, na mshale huyumba huku na huko. Nesi hakisii. Anaweka kiganja karibu na mgongo wa mtoto bila kumgusa, anamsemesha kwa sauti ya chini, anangoja. Kati ya kilio kimoja na kingine mtoto huvuta pumzi, na hapo mshale hutulia kwa muda mfupi sana. Anausoma kwa sauti, anangoja utulie tena, anausoma mara ya pili. Namba zikilingana, anaandika.

Kadi ya kliniki kila mzazi wa Tanzania anaijua, ingawa wengi wetu tunaichukulia kuwa ya chanjo tu. Ndani yake kuna chati. Chini imepangwa miezi, kuanzia ule aliozaliwa mtoto. Pembeni zimepanda kilo. Nesi anashuka kwa kidole kutafuta mwezi, anapanda kwa kalamu kutafuta uzito, na pale vinapokutana anaweka nukta. Kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Kwa mtazamaji hilo ni jambo la sekunde chache, lakini nimeona kadi ambazo nukta zimeelea bila kuunganishwa, na kadi ya namna hiyo haina inachomweleza mtu.

Chati ya aina hii ina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi huko Nigeria, aliitengeneza ili mama akae nayo nyumbani na mhudumu aone kwa mtazamo mmoja mtoto anaelekea wapi. Mistari ya kulinganishia ukuaji inayotumika siku hizi ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kabla ya hapo watoto wa dunia nzima walilinganishwa na watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa wamelelewa kwa chupa. Kuanzia 1997 hadi 2003 walipimwa watoto wapatao 8,500 wa miji sita: Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Davis na Muscat, mji ambako familia nyingi za pwani yetu zina ndugu. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, mama zao hawavuti sigara, na hali za nyumbani zikiruhusu afya njema. Ilionekana kwamba chini ya miaka mitano, wakipata malezi hayo, watoto wa Accra na wa Oslo hurefuka kwa namna inayokaribiana sana.

Sasa inakuja sehemu ambayo mimi naiona ndiyo kilele cha ufundi huu. Binti wa miezi mitano amepimwa: kilo 5.8. Nukta inaangukia eneo la kijani, lile la uzito unaoridhisha, na mwenye haraka angesema mtoto hajambo, anayefuata apite. Nesi hamwiti anayefuata. Anarudisha kidole nyuma: 3.1 alipozaliwa, 4.0, 4.9, 5.6, halafu 5.7, na leo 5.8. Mstari ulipanda vizuri kwa miezi mitatu, kisha ukalala. Kwa umri huu uzito wa kuzaliwa kwa kawaida huwa umeshaongezeka maradufu.

"Sista," mama anasema, "wa jirani yangu ana kilo 7, na wamepishana wiki moja tu."

"Wa jirani ana kadi yake, mama. Sisi tuangalie ya kwetu."

Anaanza kuuliza, na namna anavyouliza inastahili kusikilizwa. Hasemi "Unamnyonyesha vizuri?", kwa kuwa jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote. Anauliza usiku mtoto ananyonya mara ngapi. Mchana anabaki na nani. Huyo anayebaki naye anampa nini, kwa kikombe au kwa chupa. Baada ya kila swali ananyamaza, na mama anapata nafasi ya kukumbuka.

Mama anatoa simu. Ana programu ambayo amekuwa akiingiza kila mtoto anaponyonya, anapolala na anapobadilishwa nepi, tangu wiki ya kwanza. Tabia hiyo si ya jana: Mfaransa Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe urefu tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi 1777, na vipimo vyake bado vinatajwa na wanaosoma ukuaji wa binadamu. Nesi anaipokea simu na kuisoma taratibu, siku baada ya siku, bila kumharakisha wala kumsifu mwenyewe. Kisha anaonyesha kwa kidole pale pasipoandikwa kitu. Tangu mwezi wa nne kuna uwazi kila siku ya kazi, kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 1 usiku.

Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84. Ilipoisha, mama alirudi kazini mjini, na mstari ukalala mwezi uleule. Saa hizo 14 mtoto hupewa maji na uji mwepesi. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, lakini kwa aliyeacha mtoto Mbagala na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, saa hizo mbili zinaishia kwenye daladala. Kwa hiyo nesi hamhubirii. Anamfundisha kukamua maziwa kabla ya kutoka, kuyahifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko, na jinsi dada wa nyumbani anayebaki na mtoto atakavyomnywesha kwa kikombe. Anamwambia aje na dada huyo kliniki ijayo. Mkoani Iringa, mpango wa lishe wa miaka ya 1980 ulioungwa mkono na UNICEF na WHO ulipopeleka mizani vijijini, watu waligundua jambo la aina hiyohiyo: nyuma ya uzito wa mtoto kulikuwa na saa za kazi za mama yake.

Baada ya uzito, urefu hupimwa kwenye ubao, na kipimo hicho kinahitaji watu wawili. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa, kwa sababu akilazwa husoma takriban sentimita 0.7 zaidi ya akisimamishwa, na kuchanganya vipimo hivyo viwili ni kumfupisha au kumrefusha mtoto kwa kalamu. Mama anashika kichwa, nesi anabana magoti na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Nchini, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu huonekana kwenye ubao huu, mzani hauuoni.

Mchana foleni ikiisha, nesi anajaza rejesta ya watoto ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kupiga tali: wa kijani wangapi, wa kijivu wangapi, wa nyekundu wangapi. Jumla hiyo itapanda wilayani hadi wizarani, na ndani yake yule binti ni mmoja wa watoto wa kijani. Ndiyo maana nesi ana daftari lake la kaunta pembeni. Humo huandika wale ambao mstari umelala wakiwa bado wamo ndani ya kijani: namba ya kadi, simu ya mama, tarehe ya kurudi. Binti amepangiwa wiki mbili badala ya mwezi. Asipofika, nesi atapiga simu, na isipopokelewa atamtuma mhudumu wa afya wa mtaa.